Kuchagua Kinga ya Umeme Unaopanda Ghafla kwa Wenye Kutumia UPS

Mada iliyotolewa katika semina ya Kirando, Mkoa wa Rukwa



Madhumuni ya mada hii ni kueleza namna ya kuchagua kinga ya kulinda UPS, yaani chombo cha betri kinachoendeleza umeme unapozimika, pamoja na vyombo vinavyotegemea betri yake, katika mji wetu huu ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na katika nyanda za juu za Ufipa, ambako radi hutusumbua tangu mvua zianzapo Novemba mpaka zinapokoma Aprili. Rai yangu ni moja: kukiweka kila chombo mahali pake kuna manufaa zaidi kuliko kununua chombo cha bei kubwa.

1. Madhara na aina zake

Umeme wa majumbani katika Tanzania ni wa volti 230, na madhara yanayoupata ni namna tatu. Ya kwanza ni msukumo wa radi, ambao huweza kufika maelfu ya volti ingawa hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, nao husafiri kwa nyaya za nguzo hata radi ikipiga mbali. Jambo hili tusilidharau, kwani uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, mashariki ya Kongo, iliyomo katika bonde la ufa lile lile la ziwa letu, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili ni kukatika kwa waya wa nyutro katika njia ya fezi tatu, ambapo nyumba moja huweza kupata zaidi ya volti 300 kwa muda mrefu, ilhali ya jirani inapata pungufu. Ya tatu ni kuzimika kwa umeme, na hiyo ndiyo hasa iliyokusudiwa na watengenezaji wa UPS. Kinga iliyomo ndani yake aghalabu ni ndogo, wala haitoshi kukabili radi za Ufipa.

2. Mambo ya kutazama dukani

Ndani ya kinga mna varista, kipande cha oksidi ya zinki kinachozuia umeme wa kawaida, lakini volti zikipita kiasi hufungua njia ili msukumo ugeuzwe usiifikie mashine. Basi mnunuzi atazame kwanza kwamba imeandikwa volti 230 au 240, kwa kuwa ile ya volti 120 iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani itaungua. Pili, atazame kiasi cha volti inachoruhusu kupita, kisichozidi 1,500. Tatu, hesabu ya jouli, kwani kila msukumo huipunguzia varista uhai, na yenye jouli nyingi hudumu zaidi. Nne, iwe na taa ya kuonyesha kama kinga ingali hai.

Lakini varista si dawa ya madhara ya pili. Volti 300 zikidumu, varista huchemka na huweza hata kushika moto. Kwa hiyo pana haja ya swichi inayokata umeme yenyewe volti zinapozidi, na kungoja zitulie kabla ya kuurudisha.

3. Mpangilio

Mwanzo wa yote ni athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, kwani pasipo athi nzuri msukumo hauna pa kwenda. Kwa kinga ya radi hupendekezwa ukinzani usiozidi omu 10. Pili ni kinga ya kufungwa penye swichi kuu, ile inayoitwa Aina ya 2 katika viwango vya IEC 61643. Kisha UPS ichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani.

Hadhari kubwa ni hii: tusichomeke ekstensheni yenye kinga katika matundu ya UPS. UPS nyingi za bei nafuu, zikiwa katika betri, hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, usio laini kama ule wa gridi, nao huvitaabisha vichujio vilivyomo ndani ya kinga. Fauka ya hayo, matundu mengi huvuta mzigo mwingi kupita uwezo wa betri. Kwa sababu hiyo ya mzigo, printa ya leza nayo isiungwe hapo kabisa. Kadhalika waya wa antena, wa intaneti na wa paneli za sola ni milango ya radi, na kila mmoja wahitaji kinga yake.

4. Hitimisho

Kinga tulizozitaja haziwezi kuhimili radi iliyoipiga nyumba yenyewe. Ngurumo zikikaribia, plagi zichomolewe. Nawasihi wakuu wa shule, wa zahanati na wenye maduka, kabla ya mvua za Novemba, wamwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, apime athi kwanza, ndipo fedha ziende dukani.