Binti Mpelelezi

Binti yangu ana miaka 16, naye hukesha akitazama tamthilia ya Kimarekani iitwayo Veronica Mars. Juzi nilitaka kumzimia televisheni. Akaniambia, "Baba, keti kwanza." Nikaketi. Niliinuka saa saba za usiku!

Tamthilia hiyo, iliyotungwa na Rob Thomas, ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2004. Veronica, anayeigizwa na Kristen Bell, ni mwanafunzi wa sekondari katika Neptune, mji wa kubuni huko California, wenye matajiri na watumishi wao, basi. Rafiki yake mpenzi anauawa. Baba yake, ambaye ndiye mkuu wa polisi, anathubutu kumshuku baba wa marehemu, bwana mwenye mabilioni. Wananchi wanampigia kura ya kumwondoa kazini. Mama naye anakimbia. Baba anafungua ofisi ndogo ya upelelezi, na binti anamsaidia akitoka shuleni.

Nilidhani vijana wanapenda ujanja wake na kamera yake. Kumbe sivyo. Veronica alibakwa usiku wa sherehe. Alipokwenda kushtaki, mkuu mpya wa polisi alimkejeli, akatoka na machozi. "Hapo ndipo nilipompenda," alisema binti yangu. "Hakusikilizwa, akaamua kuutafuta ukweli mwenyewe."

Mapenzi hayo si ya binti yangu peke yake. Tamthilia ilisimamishwa mwaka 2007. Mwaka 2013 Rob Thomas aliomba michango ya dola milioni 2 kwa njia ya intaneti ili atengeneze filamu. Zilipatikana siku ile ile. Mwishowe watu zaidi ya 91,000 walichanga dola milioni 5.7, na filamu ikatoka mwaka 2014. Mtu hafungui mkoba wake hivi hivi. Wengi wanajua maana ya kutosikilizwa.

Lakini, wazazi wenzangu, jambo moja lilinichoma. Baba yule anampenda bintiye kama mboni ya jicho, na bado kwa muda mrefu hakuambiwa habari ya usiku ule. Nikamwuliza wangu: "Wewe ungeniambia?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sijui, Baba."

Tangu siku hiyo sizimi televisheni. Naketi. Huenda siku moja akapata la kuniambia, anikute nipo.