Mti Nao Una Neno Lake

Mazungumzo juu ya wachonga vinyago wa Changamwe

Wasikilizaji, msafiri ashukaye katika uwanja wa ndege wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali kabla ya kusikia mlio wa tezo. Karibu na uwanja huo, katika njia ya Port Reitz, huko Changamwe, pana mabanda yaliyojipanga safu kwa safu, na chini yake wameketi mafundi, vibanzi vimewafunika miguu. Hapo ndipo mahali pa chama cha ushirika kiitwacho Akamba Handicraft, kilichoanzishwa mwaka 1963. Wageni wengi hununua twiga au kifaru, wakaenda zao. Ni wachache waulizao: fundi huyu huona nini ndani ya gogo kabla hajalipiga pigo la kwanza? Swali hilo ndilo la mazungumzo haya. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba mchongaji haamui peke yake. Mti nao una neno lake.

Kwanza yafaa kujua kazi hii ilikotoka. Wakamba wa zamani walikuwa hodari wa kuchonga viti vya miguu mitatu, fimbo na vikopo vya ugoro, lakini sanamu za watu na wanyama za kuuzwa hazikuwa desturi yao. Masimulizi yanayojulikana sana humtaja Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika nchi ya Machakos. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 alikuwa katika utumishi wa jeshi huko Tanganyika, na huko aliwaona Wazaramo wakichonga sanamu. Aliporudi kwao alijaribu mwenyewe, akafaulu, na jamaa zake wakajifunza kwake. Kisha jirani wakajifunza kwa jamaa. Kufika miaka ya 1950, vinyago vya Wamunyu vilikuwa vikiuzwa hata Ulaya na Marekani. Mafundi nao waliwafuata wanunuzi, wakashuka Nairobi na Mombasa, mahali penye wageni na meli.

Sasa na tumtazame fundi katika kazi yake. Akipewa gogo hashiki tezo mara moja. Huligeuza, hulipiga kwa kiganja na kusikiliza sauti yake, hutafuta vifundo na nyufa, na hutazama nyuzi za mti zaelekea wapi. Mti una nguvu kwa urefu wa nyuzi zake, na una udhaifu nyuzi zikikatwa mapana. Kwa sababu hiyo miguu ya twiga huchongwa ikifuata nyuzi toka juu hata chini. Akiielekeza vingine, itavunjika kabla msasa haujaigusa. Pembe za swala, masikio ya tembo, mkono wa mtu uliokunjuliwa, vyote ni mashauri baina ya fundi na nyuzi. Umbo alilolitaka huenda lisipatikane katika gogo lile, na hapo hapana budi kutafuta umbo ambalo gogo linalikubali.

Huko Dar es Salaam wachongaji wa Kimakonde husimulia habari ya mwenzao Samaki Likankoa katika miaka ya 1950. Yasemekana kinyago chake kilivunjika mkono mikononi mwake. Badala ya kukitupa alikigeuza kiumbe cha ajabu, na toka hapo ikaenea namna ile ya vinyago viitwavyo shetani. Mwenye pupa angaliona hasara. Yeye aliona umbo jipya.

Mti wa kwanza kusifiwa na wachongaji wote ni mpingo. Ngozi yake ni nyeupe, na moyo wake ni mweusi. Ni mzito hata ukitupwa majini huzama, na Wazungu hutengenezea zumari zao. Kwa ugumu wake mpingo hukubali alama ndogo kabisa: kope za macho, nywele, mikunjo ya nguo. Lakini hukua polepole mno, na mti utakaomfaa mchongaji huenda ulichipuka zamani za babu yake. Ulipoadimika, mafundi waliugeukia zaidi mhugu, mti wa hudhurungi wenye harufu nzuri, umeao katika misitu ya pwani kama ule wa Arabuko-Sokoke. Mhugu nao ukaanza kupungua. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba katika Kenya nzima wako wachongaji wapatao 60,000, na kila mmoja alihitaji gogo lake.

Hapo ndipo uliposhauriwa mti ambao watoto wa pwani huujua kwa uchungu wa majani yake, yaani mwarobaini. Mti huu asili yake ni Bara Hindi. Huota uani, kando ya njia na mpakani mwa shamba, hukua upesi, na ukikatwa huchipuka tena kisikini. Mashirika ya kuhifadhi viumbe na wataalamu wa mimea waliwahimiza mafundi kuutumia, pamoja na mwembe na mjakaranda. Mwaka 2005 wakulima wa pwani wenye miarobaini walipata hati ya kimataifa ya kuthibitisha kwamba miti yao hukatwa kwa utaratibu usioangamiza.

Lakini ushauri wa kubadili mti si mwepesi kama usikiavyo. Mkono uliozoea mpingo kwa miaka ishirini hujikuta kama mkono wa mwanafunzi. Mwarobaini ni laini kuliko mpingo, na tezo likishuka kwa nguvu ile ile ya zamani huondoa zaidi ya ilivyokusudiwa. Kope na nywele nyembamba hazikai vizuri. Gogo lisipokaushwa kwa uangalifu hupata nyufa, na kinyago kilichopasuka hakina mnunuzi. Kwa hiyo fundi alilazimika kujifunza upya: kukausha kwa subira, kupunguza mapambo madogo, na kutafuta uzuri katika maumbo mapana, kama mgongo wa kiboko, shavu la mzee, au tumbo la tembo.

Jambo jingine lilikuwa gumu zaidi, maana lilihusu moyo wala si mkono. Kwa muda mrefu wanunuzi walipenda vinyago vyeusi, wakidhani kila cheusi ni mpingo. Basi ikawa desturi ya wachongaji wengi kupaka kiwi cha viatu juu ya mti mweupe, ukaonekana kuwa usivyo. Kiwi kile huuza kinyago mara moja, lakini mnunuzi akikikwaruza na kuuona weupe, huwadharau mafundi wote. Zaidi ya hayo, kiwi humnyima fundi faida ya mti wake. Mwarobaini una wekundu wake na michirizi yake. Fundi akiisugua vema na kuipaka nta tu, michirizi ile huzunguka bega la sanamu kama nguo iliyofumwa. Ameacha kuuambia mti uwe mpingo, na mti umemlipa.

Kila kitu atumiacho msanii kina masharti yake namna hiyo. Jiwe la Kisii, lichimbwalo Tabaka katika nchi ya Wagusii na kuuzwa hata katika maduka ya Mombasa, ni laini, husuguliwa kwa maji, na halina nyuzi. Kwa hiyo huwapenda watu waliokumbatiana na maumbo ya mviringo, lakini likiangushwa huvunjika. Udongo ni kinyume cha mti na jiwe: afinyangaye huongeza, achongaye hupunguza. Aliyekosea katika udongo hubandika tena. Aliyekosea katika mti hana pa kurudi. Na huko Kisauni, katika karakana za Bombolulu zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, wako wafanyao kazi kwa shaba, ngozi, nguo na mbao. Shaba hupindwa na kupigwa nyundo, wala haikubali haraka ya tezo. Vitu ni vingi, lakini mwenye kuvitumia hana budi kuvisikiliza kwanza.

Tena yafaa kukumbuka kwamba si kila sanamu ya nchi hii ilichongwa ili iuzwe. Majirani wa Mombasa, Wagiriama na baadhi ya ndugu zao wa Kimijikenda, huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki vigango, yaani mbao ndefu zenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu. Aghalabu huchongwa kwa mti mgumu kama mhugu, ili mchwa wasiule. Kigango hakifanani na uso wa marehemu, hata hivyo kwa jamaa zake ni yeye mwenyewe, na hakiondolewi mahali pake. Lakini vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Mti ni ule ule wa mhugu; mmoja amekuwa twiga wa dukani, mwingine amekuwa baba wa mji. Tofauti yake imo katika nia ya aliyechonga na heshima ya anayetazama.

Basi mchongaji wa Changamwe asimame wapi? Watu wengine humlaumu kwamba hurudia umbo moja miaka nenda miaka rudi. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haina huruma. Fundi hulipwa kinyago kinunuliwapo, na mnunuzi huomba twiga. Biashara yenyewe hutegemea wageni. Baada ya machafuko ya Likoni mwezi wa Agosti 1997 wageni walipungua, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia ndege, mabanda yalibaki na vinyago visivyo na wenyewe. Mwenye watoto wa kulisha hathubutu kila siku kuchonga umbo ambalo hakuna aliyeliomba.

Hata hivyo njia ipo, nayo ni ndogo lakini ya kweli. Katika kila twiga kumi awachongao kwa ajili ya chakula, na achonge kimoja kwa ajili ya jicho lake: bibi kizee achotaye maji, kuli wa bandarini, abiria wa feri ya Likoni aliyebeba kuku. Watu hao huwaona kila siku, wala hahitaji kumwiga mtu. Na katika kila gogo anunualo, na apande mche mmoja wa mwarobaini uani kwake au kwao Ukambani. Mutisya Munge alirudi kutoka vitani na ujuzi alioupata kwa watu wengine, akawapa watu wake. Watoto wa mafundi wa leo wataurithi ujuzi huo pamoja na tezo. Lakini tezo bila mti ni chuma tu.

Nanyi wasikilizaji, mpitapo Changamwe, msiulize bei kwanza. Kichukueni kinyago mkononi, mkitazame nyuzi zake, kisha mwulizeni fundi ni mti gani. Atafurahi kwamba yuko aliyeuliza.