Mlango wa Gereji: Arthur Mitchell, Mcheza Baleti Aliyegeuka Mwalimu

Mada yangu inatetea jambo moja: mwalimu anaweza kumrahisishia mwanafunzi njia ya kuingilia bila kumpunguzia uzito wa somo. Mfano wangu ni Arthur Mitchell wa Harlem, New York.

Mitchell alizaliwa mwaka 1934, akaanza mapema kusaidia kuilisha familia yake kwa kung'arisha viatu na kuuza magazeti. Mwaka 1955 alijiunga na New York City Ballet, akapanda hadi kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu humo. Mwaka 1957 mtunzi wa baleti George Balanchine alimtungia sehemu ya wachezaji wawili katika baleti ya Agon, acheze na Diana Adams, mwanamke Mzungu. Miezi michache kabla ya onyesho hilo, wanafunzi Weusi wa Little Rock, Arkansas, walikuwa wamesindikizwa na wanajeshi kuingia shule iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Kumsimamisha kijana Mweusi jukwaani akiwa amemshika Mzungu mkono, mguu na kiuno kulihitaji ujasiri wa wote watatu.

Aprili 1968 Martin Luther King, kiongozi wa kupigania haki za Weusi, aliuawa. Wakati huo Mitchell alikuwa akishughulikia kuanzishwa kwa kampuni ya baleti nchini Brazil. Aliamua kurudi kwao Harlem kufundisha watoto, na mwaka 1969 yeye na Karel Shook, aliyewahi kuwa mwalimu wake, wakaanzisha Dance Theatre of Harlem.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo ualimu wake unapoonekana. Alifundishia kwenye gereji, na joto lilipozidi aliacha mlango wazi. Wapita njia wakasimama kutazama, watoto wakaingia. Wavulana walioona aibu kuvaa taiti aliwaruhusu wavae jinzi zilizokatwa na fulana. Lakini mazoezi ya kushika mti wa ukutani (barre), mkao wa mgongo, mzunguko wa nyonga na kufika kwa wakati havikulegezwa hata kidogo. Wapo kati yetu walimu wanaofanya kinyume: wanadai sare kamili siku ya kwanza, kisha wanavumilia uvivu mwaka mzima. Mimi naona huko ni kumwonea mtoto mara mbili.

Jambo la pili ni rangi ya mavazi. Taiti na viatu vya waridi vilikusudiwa kufanana na ngozi ya Mzungu, ili mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyonga hadi kidoleni. Kwa mchezaji Mweusi, waridi huukata mstari huo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Mitchell ilianza kutia rangi taiti na viatu vifanane na ngozi ya kila mchezaji. Nasisitiza kwamba hayo yalikuwa mabadiliko ya kiufundi pia: bila hayo, mtazamaji hauoni vizuri mstari ambao mwanafunzi ameutolea jasho miaka mingi.

Kampuni ilicheza Umoja wa Kisovyeti mwaka 1988 na Afrika Kusini mwaka 1992. Mwaka 2004 madeni yaliisimamisha, ikarudi jukwaani mwaka 2012. Shule ya kampuni hiyo ilifungwa kwa muda mfupi tu mwaka 2004, kisha ikafunguliwa tena. Watoto wa Harlem waliendelea kuingia darasani, na Mitchell alipofariki mwaka 2018 madarasa yalikuwa bado yanaendelea.