Maneno ya Watoto Juu ya Shule Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Eldoret)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya elimu ya watoto wa makabila mbalimbali wasomao pamoja katika shule za msingi za mji wetu. Tumeonelea vema tusiseme kwa akili zetu peke yetu, bali tuwaletee maneno ya watoto wenyewe, tuliyoyasikia majumbani mwetu na jioni tunapowasaidia masomo. Wala kuwasikiliza si hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yamhusuyo.

Serikali ya kikoloni iliwatenga watoto kwa rangi: Wazungu shule zao, Wahindi zao, na Waafrika zao. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu iliunganishe taifa. Leo katika mitaa ya Langas, Huruma na Munyaka, Mnandi, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mkisii huketi dawati moja.

Lakini kuketi pamoja bado si kujuana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani waligeukiana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa Maonyesho ukawa kambi ya maelfu ya waliofukuzwa makwao. Aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule leo ni mtu mzima, na huenda ana mtoto wake shuleni.

Basi watoto wasemaje?

Kwanza, hawataki kuchekwa. Mtoto atamkaye l mahali pa r, au p mahali pa b, huigwa na darasa zima, na mara nyingine mwalimu naye hucheka. Waomba neno lisahihishwe bila kabila kutajwa.

Pili, waomba walimu wasisemezane kwa lugha ya kwao mbele ya darasa. Mtoto asiyeifahamu hudhani anasengenywa. Aifahamuye hudhani ndiye apendwaye. Hapo hatuzibezi lugha za mama. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilizipa nafasi katika madarasa ya chini, ila penye mchanganyiko wa watu ikashauri Kiswahili, kwa kuwa hakina mwenyewe mmoja.

Tatu, siku ya wazazi kila kabila hucheza ngoma yake, wengine wakatazama, kisha watu wakaenda zao. Watoto wauliza kwa nini wasifundishwe ngoma za wenzao. Mtoto wa Kiluhya acheze ya Kinandi, na wa Kinandi aimbe ya Kiluhya. Vivyo hivyo kwa hadithi, vitendawili na michezo, tena kila juma, si mara moja kwa mwaka.

La nne latuhusu sisi, nalo ndilo zito. Watoto wasema kwamba shuleni hufundishwa kuwa wote ni Wakenya, kisha jioni nyumbani husikia habari za "wageni" na "wenyeji". Nasi tulio wazima twalikumbuka neno "madoadoa", na moto lililouwasha. Neno hilo halikutungwa na mtoto.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Wajumbe wetu walio katika halmashauri za shule waombe kila muhula wanafunzi wapewe nafasi ya kusema, na majibu yao yaandikwe. Na kila mzazi hapa auchunge ulimi wake nyumbani. Hayo hayahitaji fedha, bali moyo, na yafaa yaanze sasa kungali na utulivu, kwa maana uchaguzi hurudi kila miaka mitano.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Watoto hawa bado wabichi, na mikono iwakunjayo ni yetu.