Kumrudisha Mbuzi

Fumbo la chui, mbuzi na majani ni la kale. Mfano wake, wenye mbwa mwitu na kabichi, umo katika mkusanyiko unaonasibishwa na Alcuin, aliyefariki mwaka 804. Mtumbwi hubeba mtu na kitu kimoja tu. Mwenyewe akiondoka, mbuzi hula majani, na chui humla mbuzi. Basi huvushwa mbuzi kwanza, kisha chui. Na hapo mbuzi hurudishwa alikotoka, majani yakavushwa, ndipo mbuzi akafuatwa tena. Jumla mivuko 7.

Mwanafunzi wangu mmoja alipomrudisha mbuzi, nilimkatiza kwa ukali nikidhani amepotea. Wenzake wakamcheka. Usiku nililipiga hesabu mwenyewe. Kesho yake nilimwomba radhi mbele yao.