Kompyuta Mpya Inayozima Ovyo: Namna ya Kutafuta Chanzo Katika Mazingira ya Pinga

Kompyuta iliyoungwa nyumbani kwa vipuri vipya huweza kufanya kazi saa nne bila shida, kisha ikazima katikati ya barua, ikaganda, au ikajiwasha upya. Kesho yake inatulia kutwa nzima. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kuliko ya kompyuta iliyokufa kabisa, kwa sababu humshawishi fundi kubahatisha. Na Pinga, penye mpaka wa maeneo ya Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini nchini Kongo, kubahatisha ni ghali mno: vipuri vinavyotoka Goma hupita Kitshanga, Mweso na Kalembe, na mapigano yakizuka njia hufungwa. Fundi anayebadilisha ramu, kisha diski, kisha kadi ya picha, huweza kumaliza fedha za mwenye kompyuta kabla ya kugundua kwamba kosa liko kwenye inveta.

Kazi huanza na daftari. Kila kompyuta inapozima, huandikwa saa, programu iliyokuwa wazi, chanzo cha umeme, na namna ilivyozima. Kukatika ghafla kama taa huelekeza kwenye umeme au joto. Skrini ya bluu yenye maandishi huelekeza zaidi kwenye ramu, draiva au kichakataji. Windows nayo hutunza kumbukumbu ya matukio, na humo mara nyingi hukutwa Kernel-Power, namba 41. Wengi huisoma kama hukumu dhidi ya pawa saplai. Sivyo. Namba hiyo husema tu kwamba kompyuta ilisimama bila kuzimwa kwa utaratibu. Sababu bado haijasemwa.

Pinga iko mbali na nyaya za umeme wa Goma, kwa hiyo uchunguzi hauna budi kuanzia nje ya kasha, kwenye betri, inveta au grupu (jenereta). Kompyuta yenye kadi ya picha huweza kula wati 80 ikiwa imetulia, kisha ikaruka hadi 300 mara video inapoanza kuhaririwa. Kwa betri ya volti 12, wati 300 ni zaidi ya ampea 25, maana inveta nayo hula sehemu yake. Waya mwembamba wa taa, au kibano kilicholegea, hupoteza volti nzima kwa mkondo huo. Betri inaonyesha volti 12, inveta inapokea 11, na volti zikishuka kidogo tena inveta hujikata ili kuilinda betri. Ndiyo maana hupimwa sehemu mbili, kwenye betri na kwenye mdomo wa inveta, wakati kompyuta ikiwa kazini. Kupima ikiwa imezimwa hakusaidii.

Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipokei vizuri: huvuma, hupata joto, au huzima. Ubadilishaji kutoka grupu kwenda betri nao una hatari yake. Pawa saplai ya kawaida huvumilia pengo la milisekunde 16 hivi, yaani chini ya mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50. Pengo likizidi hapo, kompyuta huanguka. Jaribio la maana kuliko yote ni kuihamishia kompyuta kwenye chanzo kingine cha umeme kwa siku kadhaa bila kugusa kipuri chochote. Ikitulia, kosa limepatikana bila kununua kitu. Pawa saplai yenyewe haifunguliwi, kwani kapasita zake hushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Inafaa kujua hapa kwamba kapasita ndogo za tantali, zinazotumika kulainisha umeme kwenye bodi za kielektroniki, hutegemea madini ya koltani kama yanayochimbwa Rubaya, Masisi. Na solda isiyo na risasi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95, madini yaleyale ya Bisie, Walikale. Mzaliwa wa Pinga anayefungua kasha huenda anatazama udongo wa kwao. Lakini kapasita hizo hulainisha mawimbi madogo tu. Haziwezi kufidia betri iliyochoka.

Umeme ukithibitishwa, hufuata ramu. Memtest86+, programu ya kupima ramu, huwashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa, halipuuzwi. Kabla ya kulaumu kipuri, huzimwa kwanza mpangilio wa kasi wa XMP kwenye BIOS, kwa sababu ramu nyingi huuzwa kwa kasi iliyo juu ya kiwango cha kawaida. Kisha kipande kimoja kimoja hujaribiwa peke yake, kwenye tundu lilelile. Kompyuta iliyosafirishwa kwa pikipiki ikiwa imeungwa tayari huhitaji ramu, kadi na nyaya zichomolewe na kurudishwa, na kipozeo kikazwe upya, maana barabara hulegeza vyote.

Joto hutambulika upesi: kichakataji hukaribia nyuzi 100 za Selsiasi dakika chache baada ya kazi nzito. Sababu ya mara kwa mara katika kompyuta mpya ni karatasi ya plastiki iliyosahauliwa chini ya kipozeo. Kosa jingine la kuunga, lisilo la joto: nguzo ya skrubu iliyobaki mahali pasipo na tundu hugusa mgongo wa ubao mama na kuleta shoti ya mara moja moja.

Mwisho kabisa hushukiwa kichakataji, lakini nacho hushukiwa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya kompyuta za mezani, kizazi cha 13 na cha 14, vilikuwa vikiomba volti kupita kiasi na kuyumba. Marekebisho yalitolewa kuanzia Agosti mwaka huo kupitia BIOS, ila hayaponyi kichakataji kilichokwisha kudhurika. Kwa hiyo mwenye kichakataji cha vizazi hivyo huhuisha BIOS mapema, kwa umeme usiokatika, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama wenyewe huweza kufa.

Kila hatua hubadilisha kitu kimoja tu, na matokeo huandikwa kabla ya kugusa kingine. Kompyuta iliyokuwa ikizima kila baada ya siku mbili haitangazwi kupona kwa siku mbili za utulivu. Huachwa wiki nzima au zaidi, kwa kazi ileile na kwa umeme uleule wa nyumbani.