Sodo Zilizotumika Zitupwe Wapi Nyumbani?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Fort Ternan)

Leo tumeleta jambo ambalo kwa kawaida husemwa jikoni kwa kunong'ona. Tumewaomba wazee wasitoke nje, na sababu yake wataiona mbele.

Swali letu ni hili: sodo, au pedi kama wengi mnavyoita, ikishatumika inaenda wapi? Chukueni msichana wa shule aliye katika siku zake. Ni saa mbili usiku, taa ni moja, baba na kaka zake wameketi hapo hapo karibu na mlango. Amebadilisha. Sasa aipeleke wapi? Tukiuliza hivi katika vikundi, kina mama wengi hujibu: chooni. Wachache husema motoni, alfajiri kabla watu hawajaamka. Wengine hunyamaza, na mara nyingi za hao ndizo tunazoziona kwenye mfereji baada ya mvua, ama mbwa amezikokota hadi uani mbele ya wageni.

Hebu tuseme kwanza kwa nini choo kinapendwa, maana kinapendwa kwa sababu. Choo hakisemi. Kitu kikiingia mle hakuna atakayekiona tena. Hata yule anayeogopa kwamba mtu mwenye nia mbaya ataichukua damu akaifanyia uchawi hulala usingizi wake. Hatuwacheki wanaoogopa hivyo. Mama na binti wanatafuta mahali pasiposema, na ukitaka waache choo, sharti uwape mahali pengine pasiposema. Tumeona wageni wenye elimu nzuri wakija, wakisema "msitupe chooni", halafu wakipanda gari na kwenda zao. Binti anabaki na sodo mkononi.

Basi ubaya wa choo ni nini? Kinyesi huoza na kushuka, maji yake yakanywewa na udongo. Sodo ya dukani haiozi hivyo. Ngozi yake ya chini ni plastiki, na nyingi zina ndani punje ndogo zinazonyonya maji, zikafura na kuwa kama uji mzito. Tupige hesabu pamoja. Mwanamke akitumia nne kwa siku, kwa siku tano, ni 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240. Nyumba yenye mama na mabinti watatu wakubwa ni 960 kwa mwaka. Kwa miaka mitano hizo ni 4,800, zote zimekaa chini ya choo kile kile ambacho mzee alilipa watu kuchimba akidhani kitamfikisha uzeeni. Na mahali penye gari la kunyonya vyoo, sodo huziba mpira wake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwaita wazee: choo kikijaa mapema, pesa inatoka mfukoni mwenu, nanyi hamjui ni kwa nini.

Watu wa Fort Ternan hamhitaji kufundishwa jinsi ardhi inavyotunza kitu. Ni hapa hapa, mwaka 1961, Dakta Louis Leakey na watu wake walichimbua mabaki ya kiumbe aliyefanana na nyani, wa miaka kama milioni 14 iliyopita. Meno yake bado yapo. Hatusemi sodo itakaa hivyo, lakini wajukuu wenu wakilima bila shaka wataikuta.

Na moto? Moto wa mafiga hautoshi. Sodo mbichi haiungui, inafuka tu, na moshi wa plastiki ule una sumu, nao unaingia kwenye kifua cha mtoto mgongoni na kwenye chakula kilichoko jikoni. Matanuri mazuri ya kuchomea taka za hospitali hufika zaidi ya digrii 800. Mafiga ya kuni hayafiki huko. Kwa hiyo tunawaomba, msichome jikoni kamwe.

Mtoni hata tusizungumze sana. Maji yetu yanateremka Nyando na kuingia Ziwa Viktoria, na kabla ya kufika huko kuna watu wanayachota.

Sasa tunachopendekeza. Ni shimo la peke yake, si la choo, si la takataka za jikoni. Upana mita moja, kina kisichozidi mita mbili, ili anayechimba asifukiwe. Liwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, na liwe upande wa chini, si juu yake. Pasiwe mahali panapotuama maji. Juu mfunike kwa bamba la saruji lenye tundu dogo ambalo mtoto hawezi kutumbukia wala mkono kufika chini, na tundu liwe na kifuniko kizito. Mkishindwa na saruji, magogo yaliyofungamana vizuri na udongo juu yake yatafaa kwa kuanzia. Kila mnapotia, mwagieni kopo la majivu. Yanapunguza harufu na nzi. Likibaki nusu mita kujaa, fukieni kwa udongo, pandeni nyasi, mchimbe jingine. Tuseme ukweli, plastiki iliyofukiwa haijaisha, imekaa tu. Lakini imekaa mahali mnapopajua, mbali na maji, mbwa na macho ya watu.

Ndani ya nyumba, anapolala binti, kuwe na kopo au ndoo ndogo yenye mfuniko. Kwa kufungia, mkumbuke mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata kabla yake haikuwa msaada. Tumieni gazeti, ama ule mfuko wa karatasi wa unga wa kilo mbili. Kunja sodo, funga, tia koponi, na jioni giza likiingia peleka shimoni. Isizidi siku mbili. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni, na yeyote anayeshika ya mwenzake avae kitu mkononi.

Wanaotumia vitambaa vya pamba vitupu, kikichakaa kikatwe na kufukiwa tu, hicho kinaoza. Kikiwa bado kinatumika kioshwe kwa maji baridi kwanza, halafu sabuni, na kianikwe juani, hata kama ni chini ya leso nyepesi. Kukificha chini ya godoro kikiwa na unyevu ni kutafuta ugonjwa. Vikundi vyenye cherehani, hapa kuna kazi ya kufanya: kila kitambaa kinachoshonwa vizuri kinapunguza idadi ya kutupa. Huko Uganda, Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni sodo za mafunjo na karatasi. Akili ya kwetu ipo.

Shuleni sheria imesema. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yanaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo za bure, na pia njia salama ya kuzitupa. Wengi wanakumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Kwa hiyo kamati za wazazi, ulizeni. Lakini nyumbani hakuna sheria inayokuja kuchimba shimo. Anayechimba ni mzee wa boma au kijana wake, na hatachimba shimo ambalo hajaambiwa ni la nini. Ndiyo maana tukawaomba mkae.

Wazee, mnakumbuka Septemba 2019, jirani zetu hapa Bomet. Msichana wa miaka 14 alijitoa uhai. Mama yake alisema binti aliaibishwa darasani kwa sababu nguo ilichafuka. Hatutaki kuongeza maneno kwenye msiba wa watu. Tunasema tu kwamba aibu hii si jambo dogo, na baba anayechimba shimo bila kuuliza maswali mbele za watu ameshamwambia binti yake jambo kubwa.

Mlio katika nyumba za kambi kwenye mashamba ya chai, ardhi si yenu na choo mnashiriki laini nzima. Kwenu shauri ni kwenda pamoja, kina mama watano sita, kwa msimamizi wa kambi, mkaombe ndoo zenye mfuniko na shimo moja la laini, mkubaliane zamu ya kuzimwaga. Mmoja akienda peke yake atacheka naye tu.

Januari na Februari ndio wakati wa kuchimba, ardhi ikiwa kavu. Mvua za Machi zikianza, kuta huporomoka.